Hoho ya Joto la Pwani

Kuna onyo ambalo karibu kila mwenye bustani ya nyumbani amewahi kupewa: usipande hoho karibu na pilipili kali, utakuja kula hoho zinazowasha. Onyo hilo ni nusu kweli, na ile nusu isiyo kweli imetunyima faida. Tunda la hoho unalolichuma leo ni mwili wa mmea mama. Nyama yake, pamoja na ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, ambamo ndimo ukali wa pilipili hutengenezwa, hujengwa kwa jeni za mmea uliolibeba. Nyuki akitua na chavua ya pilipili kali, tunda hilo litabaki tamu vilevile. Kinachobadilika ni mbegu zilizomo. Ukizihifadhi na kuzisia msimu unaofuata, miche itakayoota inaweza kuzaa matunda ya kuchoma ulimi, na jirani mwenye pilipili kali atalaumiwa kwa jambo lililotokea mwaka jana.

Maana yake ni kwamba penye mimea miwili mitatu ya pilipili uani, aina mpya zinazalishwa tayari, ila anayechagua wazazi ni nyuki. Ua la pilipili lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, hivyo hujichavusha lenyewe bila taabu. Wadudu wakiwa wengi, hupokea pia chavua ya nje. Vipimo vilivyochapishwa vya uchavushaji mtambuka wa pilipili vinaanzia asilimia 2 na kufika hadi 90, kutegemea aina, mahali na wadudu waliopo. Hoja yangu ni kwamba tukiichukua kazi hiyo mikononi mwetu, kwa lengo moja lililo wazi, mtu wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja anaweza kujipatia kitu kilicho adimu dukani: pilipili tamu inayoshika matunda kwenye joto la kwetu, na ambayo mbegu zake zinahifadhiwa na kupandwa tena mwaka hadi mwaka.

Kwa nini hoho huikataa pwani

Hoho, au pilipili boga kama wengi wa visiwani wanavyoiita, hufunga matunda vizuri usiku unapokuwa kati ya nyuzi 16 na 21 za Selsiasi. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 na mchana ukavuka 32, chavua hupoteza nguvu, na maua hudondoka na kikonyo chake kabla ya kufunga. Dar es Salaam ya Januari hadi Machi ina kasoro zote mbili: mchana wa jasho, na usiku unaogota karibu na nyuzi 25. Ndiyo maana hoho nyingi tunazonunua mjini hushuka kutoka milimani, Lushoto na Mgeta. Mwenye bustani wa pwani hudhani mmea wake una njaa, akaongeza mbolea. Naitrojeni ikizidi, hupata majani manene ya kupendeza na maua yaleyale yanayodondoka.

Pembeni ya hoho hiyo inayosumbua, pilipili ndefu nyembamba huwa imejaa matunda. Kwa jumla, pilipili zenye matunda madogo huvumilia joto kuliko zenye matunda makubwa. Tunda kubwa linadai sukari nyingi kutoka kwenye majani, na usiku wa joto mmea huichoma sukari hiyohiyo kwa kupumua. Kinachobaki hakitoshi, basi mmea unatupa maua.

Makampuni ya mbegu yanalijua tatizo hili, na zipo mbegu chotara zinazouzwa kwa sifa ya kustahimili joto. Kwa anayelima kibiashara, chotara hizo zina nafasi yake. Kwa mtu wa nyumbani zina upungufu mmoja mkubwa: ukipanda mbegu za tunda lake, hupati tena aina ileile, na kila msimu unarudi dukani. Zaidi ya hapo, aliyeichagua aina hiyo aliichagua shambani kwake, kwenye udongo wake. Anayezalisha uani kwake huchagua chini ya jua lilelile, maji yaleyale ya kisima na upepo uleule wa bahari ambao mmea utaishi nao. Hiyo ni faida ambayo kituo chochote cha utafiti hakiwezi kumpa.

Kuchagua wazazi

Jenasi Capsicum ina spishi tano zinazolimwa. Zote asili yake ni bara la Amerika, nazo zilianza kusambaa duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Tatu zimejaa kwetu. Capsicum annuum ina hoho na pilipili ndefu. Maua yake ni meupe, na kwa kawaida hutoka moja moja kwenye kila kifundo cha tawi. Capsicum chinense ndiyo pilipili mbuzi, yenye maua mawili au zaidi kwenye kifundo kimoja na ile harufu nzuri isiyofichika jikoni. Capsicum frutescens ndiyo pilipili kichaa, yenye maua ya rangi ya ukijani na matunda madogo yanayotazama juu.

Anayeanza aozeshe ndani ya spishi moja. Hoho na pilipili mbuzi zinaweza kuzaa pamoja, lakini mara nyingi mbegu huwa chache, na baadhi ya watoto hudumaa au hukosa chavua yenye uhai. Hoho na pilipili ndefu hazina tatizo hilo kwa sababu ni spishi moja.

Wazazi wawe wa mbegu za kawaida, siyo chotara, ili ujue unachokiingiza. Kwa upande wa mama, California Wonder inafaa sana: ni hoho iliyoingia sokoni mwaka 1928, si chotara, na pakiti zake hupatikana katika maduka mengi ya pembejeo. Kwa upande wa baba, tafuta pilipili ndefu ya jamii ya Cayenne, na kama unayo uani ambayo tayari imeonyesha kuhimili Februari ya kwenu, hiyo ni bora kuliko ya pakiti.

Kwa nini mama awe hoho na baba awe pilipili kali? Jibu liko kwenye jeni moja. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliitambua jeni inayoamua kama pilipili itakuwa na ukali au la, nayo huitwa Pun1, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Mmea wenye walau nakala moja nzima ya jeni hiyo hutengeneza kapsaisini. Hoho ina nakala mbili mbovu: kipande cha herufi za DNA zipatazo 2,500 kimekatika, na kiwanda hakiwashwi kabisa. Kiasi cha ukali, yaani kama pilipili itawasha kidogo au itatoa machozi, huamuliwa na jeni nyingi pamoja na jua, maji na umri wa tunda. Lakini kuwepo au kutokuwepo kwa ukali ni suala la jeni moja tu, na nakala nzima hutawala. Mtoto wa hoho na pilipili kali lazima awe mkali. Akitoka mtamu, ujue hukufanikiwa: ua lilijichavusha lenyewe kabla yako. Ukimweka mwenye sifa inayojificha, yaani utamu, upande wa mama, mtoto mwenyewe atakuwa ushahidi, na hutahitaji maabara.

Kibano, uzi na asubuhi tulivu

Kazi ya mikono ni fupi, nayo hufaulu zaidi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku wa pwani unaposhuka hadi nyuzi 20 au chini kidogo. Kwa mama, chagua tumba lililovimba na kuwa jeupe, ambalo lingefunguka kesho yake. Tumba la kijani bado ni changa na hujeruhika. Ua lililokwisha kufunguka limechelewa, kwa kuwa vifuko vya chavua hupasuka saa chache baada ya ua kufunguka.

Lishike tumba kwa vidole viwili na uondoe petali kwa kibano chenye ncha nyembamba. Ndani utaona stameni tano hadi saba zimezunguka kijiti kimoja cha kati, na juu ya kijiti hicho ipo stigma. Ng'oa stameni zote moja moja bila kuibana ovari iliyo chini. Tazama kwa kioo cha kukuzia: vifuko viwe vimefumba, bila unga wowote. Ukiona unga, tupa tumba hilo uchukue jingine.

Kwa baba, chuma ua lililofunguka asubuhi hiyohiyo na ambalo vifuko vyake vimeanza kupasuka. Baba naye alindwe kwa kufunikwa tangu jana yake, la sivyo nyuki anaweza kuwa ameacha chavua ya mmea mwingine juu ya ua hilo. Pakaza chavua kwenye stigma ya mama kwa ncha ya kibano, au shika ua zima na uligusishe taratibu. Stigma huwa tayari kupokea tangu siku moja kabla ya ua kufunguka, kwa hiyo huna haja ya kungoja. Ukirudia kesho yake asubuhi, unaongeza nafasi. Brashi ya rangi inayosifiwa sana inafaa kwa kusaidia mmea ujichavushe. Kwa kuozesha ni mbaya, kwani manyoya yake hubeba chavua ya jana. Kibano hufutwa kwa spiriti kati ya baba mmoja na mwingine, kisha huachwa kikauke, maana spiriti huiua chavua.

Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo na kibandiko chenye jina la mama kwanza, halafu la baba, na tarehe. Funika kwa kifuko cha neti. Vile vinavyowekewa zawadi za harusi vinatosha kabisa, na kipande cha chandarua kilichochakaa nacho kinafaa. Ondoa maua mengine yote ya tawi hilo na uchume matunda yanayokua kwenye mmea mzima. Mmea wenye mzigo wa matunda hudondosha maua mapya, na ua lako lililofanyiwa upasuaji litakuwa la kwanza kutupwa.

Fanya matumba mengi kuliko unavyohitaji, maana baadhi yatadondoka hata kwa mkono wa mzoefu. Tunda moja la hoho likifanikiwa linaweza kukupa mbegu zaidi ya 100, na hizo zinazidi mahitaji ya uani. Liache liwe jekundu kabisa, kisha likae siku chache ndani kabla ya kulipasua. Mbegu zikaushwe kivulini kwenye sahani au karatasi, zisianikwe juani juu ya bati, na zihifadhiwe kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na kijifuko cha mchele mkavu wa kunyonya unyevu.

Kila tamaa ina gharama yake

Kizazi cha kwanza, ile F1 inayoandikwa kwenye pakiti za dukani, huwa na miche inayofanana. Matunda yatakuwa makali, na ukubwa wake utaelemea upande wa mzazi mwenye matunda madogo. Wengi hukata tamaa hapa kwa kuona wamepata pilipili kali ya kawaida. Huu ndio wakati wa kutulia. Funika matawi ya F1 kwa neti, yatikise kidogo kila asubuhi ili maua yajichavushe, na uvune mbegu. Hizo ndizo mbegu za F2, na humo ndimo sifa za bibi na babu hutawanyika upya.

Hesabu yake aliionyesha Gregor Mendel kwa njegere mwaka 1866. Katika F2, mmea mmoja kati ya minne, kwa wastani, utakuwa na nakala mbili mbovu za Pun1, yaani utakuwa mtamu. Neno wastani ni la kuzingatia: ukipanda minne tu unaweza ukakosa. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kupata walau mmea mmoja mtamu, panda 11.

Sasa ongeza tamaa ya pili. Tuseme mama alikuwa hoho ya njano, na unataka watoto watamu wenye rangi hiyo. Wekundu wa pilipili huutawala unjano, kwa hiyo na hiyo ni sifa inayojificha. Unatafuta mmoja kati ya 16, na kwa uhakika uleule unahitaji miche 47. Ongeza sifa ya tatu inayojificha, kwa mfano matunda yanayotazama juu: ni mmoja kati ya 64, nawe unahitaji miche 191. Uani kwa mtu wa Sinza au Kisauni hakuna pa kuiweka. Kila tamaa unayoiongeza huzidisha idadi ya viroba zaidi ya mara nne. Anayezalisha nyumbani lazima aamue ni sifa gani moja au mbili hatazikosa, na nyingine azipokee zitakavyokuja. Kwa lengo letu nashauri utamu uwe wa kwanza na kushika matunda kwenye joto kuwe kwa pili. Rangi na umbo visubiri.

Ipo njia nyingine, nayo ni kuirudisha F1 kwa mama, yaani kuichavusha hoho tena kwa chavua ya F1. Nusu ya watoto hao watakuwa watamu, hivyo miche mitano inatosha kukupa uhakika unaozidi asilimia 95. Matunda nayo yatakuwa makubwa zaidi, kwa kuwa robo tatu ya urithi wote ni wa hoho. Lakini robo tatu hiyo inakuja na udhaifu wake mbele ya joto, na uvumilivu wa baba, ambao unabebwa na jeni nyingi ndogondogo, hupunguzwa. Anayependa tunda nene la kujazwa nyama atarudisha kwa mama. Anayetaka mmea usiomwangusha Februari atakwenda na F2 na kukubali tunda dogo. Mimi naiona njia ya pili kuwa bora kwa pwani, maana tunda dogo tamu linaliwa, na hoho kubwa iliyodondoka ikiwa ua hailiwi.

Msimu nao ni mchaguzi

Hapa pwani tuna nafuu wasiyokuwa nayo watu wa nchi za baridi: hakuna miezi ya theluji ya kungoja. Kutoka kusia hadi tunda lililoiva ni kama miezi mitano, hivyo vizazi viwili vinaingia kwenye mwaka mmoja. Ukiozesha Julai, mbegu za F1 zinakuwa tayari Oktoba. Zikisiwa papo hapo, zinakupa mbegu za F2 mwezi Machi au Aprili. F2 ikisiwa Aprili, chini ya paa jepesi kwa ajili ya mvua za masika, itachanua wakati wa kipupwe, na F3 itaingia kitaluni Oktoba ili ichanue Januari na Februari.

Mpangilio huo una maana yake. F2 inachanua kwenye ubaridi ili kila mmea uzae na upate kuonjwa. Panda 24 kwenye viroba au ndoo kuukuu, na tegemea kama sita itakuwa mitamu. Kuonja kuna utaratibu: chukua tunda lililofikia ukubwa wake kamili, likate, na uguse kwa ncha ya ulimi ule utando mweupe. Ukuta wa tunda unaweza kukudanganya hata kwenye mmea mkali, utando haudanganyi. Kama unawasha, weka maziwa au mtindi karibu, maana protini ya maziwa huing'oa kapsaisini kwenye ulimi, kazi ambayo maji hayaiwezi.

Mimea mitamu uliyoipata ina zawadi kubwa. Kwa kuwa utamu ni sifa inayojificha, mmea ulio mtamu hauna ukali wowote wa kurithisha. Vizazi vyake vyote vitakuwa vitamu, ilimradi uzuie nyuki. Kwenye sifa inayotawala mambo ni kinyume: kati ya kila mimea mitatu mikali ya F2, miwili bado imebeba utamu wa siri, na kwa kuitazama huwezi kuijua.

Sasa ukali umekwisha, na F3 inaachiwa joto. Chukua mbegu za kila mmea mtamu kando kando, usizichanganye, na panda miche minane kwa kila familia. Februari ikifika, funga uzi kwenye maua kumi ya kila mmea katika wiki moja, kisha hesabu baada ya wiki mbili yamebaki mangapi. Linganisha familia kwa familia kabla ya kulinganisha mmea mmoja mmoja: mmea mmoja unaweza kubahatika kupata kivuli cha ukuta, lakini familia nzima ikifanya vizuri, kuna jambo kwenye damu. Kwa sababu hiyohiyo, viroba vya familia moja visikae pamoja. Vichanganywe ili kila familia ipate jua na kivuli. Katikati yake weka mimea miwili mitatu ya California Wonder iwe kipimo. Usipokuwa nayo, hutajua kama umepiga hatua au mwaka huo ulikuwa wa afadhali tu.

Kung'oa

Kila kizazi kinachojichavusha hupunguza kwa nusu kile ambacho bado kinatawanyika. Tukichukua F1 kuwa asilimia 100 ya tofauti zilizofichwa, F2 inabaki na 50, F3 na 25, F4 na 12.5, F5 na zaidi kidogo ya 6, F6 na kama 3. Ndiyo maana wazalishaji hutaja vizazi sita hadi vinane kabla ya kuiita aina kuwa imetulia. Kwa kalenda ya pwani, mbegu za F6 zinaweza kuwa mkononi chini ya miaka mitatu tangu siku ya kibano.

Kinachowashinda watu katika miaka hiyo ni kuonea huruma mimea. Kila mche umeutunza tangu ukiwa na majani mawili, na huu una tunda zuri ingawa umechelewa, na ule una umbo la kuchekesha, basi wote wanabakizwa na viroba vinajaa. Mwenye kuzalisha lazima ang'oe mingi kuliko anayobakiza. Mmea wenye batobato hung'olewa mara moja hata kama ni mtamu kuliko yote, kwa sababu baadhi ya virusi vya batobato husafiri na mbegu na hata na mikono. Anayevuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kuigusa miche, kwa kuwa tumbaku na pilipili ni ndugu na huambukizana. Mmea unaomvutia mtu lakini hauingii kwenye lengo una suluhisho lake: pilipili huishi miaka kadhaa na pingili zake huchipua mizizi, kwa hiyo uhifadhi kwa vipandikizi pembeni, nje ya hesabu.

Daftari nalo lisidharauliwe. Kila mmea uwe na namba inayoonyesha mama yake: familia ya 4, mmea wa 2, uandikwe 4-2, na mtoto wake 4-2-1. Ikiwa huwezi kusema tunda lililo mkononi limetoka kwa nani, mbegu zake ni za kula, siyo za kuendeleza.

Mashindano ya ukali si yetu

Habari za uzalishaji wa pilipili zinazotufikia kutoka nje karibu zote ni za ukali. Ed Currie wa South Carolina alitambuliwa na Guinness mwaka 2013 kwa Carolina Reaper, iliyopimwa kwa wastani wa vizio 1,569,300 vya kipimo alichokianzisha Wilbur Scoville mwaka 1912, na mwaka 2023 akaivunja rekodi yake kwa Pepper X yenye vizio 2,693,000. Vijana wengi huanza kuozesha pilipili kwa ndoto ya namna hiyo. Ni ndoto halali, ila chakula chake ni kidogo: tunda moja linatosha ukoo mzima.

Historia ya uzalishaji uliobadilisha sahani za watu ilikwenda upande mwingine. Fabián García wa New Mexico aliteua kati ya pilipili za wenyeji hadi akatoa, mwaka 1921, aina ya New Mexico No. 9, yenye ukali mdogo unaotabirika, na juu yake ukajengwa ukulima mzima wa pilipili wa jimbo hilo. Miaka ya karibuni Michael Mazourek wa Cornell alitoa Habanada, yenye harufu ya jamii ya pilipili mbuzi bila kuwasha. Wote wawili walijiuliza mlaji anakosa nini. Kwetu pwani, jikoni panapopikwa mchuzi, wali na kachumbari kila siku, anachokosa mlaji ni hoho mbichi ya uani kwake wakati wa kiangazi.

Na ikipatikana, izunguke. Kumgawia jirani miche na matunda ni desturi yetu ya siku zote. Kuuza mbegu ni jambo jingine, lenye sheria: Tanzania mbegu za biashara husimamiwa na taasisi ya TOSCI, Kenya na KEPHIS, na anayetaka haki juu ya aina yake mpya hutakiwa kuonyesha kwamba inatofautiana na nyingine, mimea yake inafanana, na haibadiliki kizazi hadi kizazi. Hata asiye na nia ya kusajili ajipime kwa vigezo hivyo vitatu, kwa kuwa ni vigezo vya haki. Panda mbegu 20 za F6 yako kwenye mstari mmoja pamoja na California Wonder. Mimea ikifanana, matunda yote yakawa matamu, na Februari yakabaki kwenye kikonyo wakati ya California Wonder yanadondoka, umezalisha aina. Ipe jina la mtaa wako, na usimpe mtu mbegu bila kumweleza afunike maua.